Kutoka Kiserian Mpaka New York: Mwendo wa Usiku Mmoja

Kiserian ni mji wa Kaunti ya Kajiado ulio chini ya vilima vya Ngong, kando ya barabara ya Magadi. Hapo ndipo nchi ya mashamba madogo na nyumba za kupangisha inapokutana na nchi ya wafugaji. Mbele ya mji barabara hupanda hadi Corner Baridi, kisha hushuka katika Bonde la Ufa kuelekea Olorgesailie na Magadi. Barabara nyingine huenda Isinya, na kutoka huko mtu aweza kufika Kitengela au Kajiado yenyewe. Kiserian ina soko la mifugo, ina machinjio ya Keekonyokie ambayo hutengeneza gesi ya kupikia kutokana na taka za wanyama, na sifa ya nyama yake ya kuchoma imeenea, hata watu wa Nairobi huifuata siku ya Jumapili.

Katika nchi ya wafugaji umbali haukupimwa kwa kilomita. Mchungaji alipoulizwa mahali fulani ni mbali kiasi gani, alijibu kwa siku za kuswaga ng'ombe na kwa mahali pa maji palipo njiani. Hesabu hiyo haikuwa ya kijinga, maana ilimweleza msafiri jambo alilotaka kulijua, yaani atafika lini na mifugo itakunywa wapi. Siku hizi watu wa Kiserian wana swali jingine la namna ile ile. Nyumba nyingi zina mtoto, ndugu au shemeji aliye Marekani, mmoja Dallas, mwingine Baltimore, mwingine Minneapolis. Wazee huuliza, kutoka hapa mpaka huko ni mwendo gani? Vijana hujibu upesi, "Saa kumi na tano." Jibu hilo ni la kweli, lakini ni kweli ya ndege, si kweli ya msafiri, na tofauti ya kweli hizo mbili yafaa ielezwe.

Kwanza umbali wenyewe. Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, mpaka uwanja wa John F. Kennedy, New York, kwa mstari ulio mfupi kuliko yote, ni kiasi cha kilomita 11,840, yaani maili 7,360. Mtu atazamaye ramani ya ukutani ataweka rula na kudhani ya kuwa ndege hukata Kongo, ikapita Nigeria na Mauritania, kisha ikaingia baharini. Ramani humdanganya, kwa sababu dunia ni mviringo nayo karatasi ni bapa. Na achukue tufe la shule, aweke ncha moja ya uzi Nairobi na ncha ya pili New York, kisha auvute mpaka ukaze. Uzi utaelekea kaskazini-magharibi. Utapita juu ya Uganda na Sudan Kusini, utakata jangwa la Sahara katika Chad, Niger na Algeria, utatoka barani katika Moroko, utakaribia visiwa vya Azores vilivyo mali ya Ureno, ndipo uendelee mpaka New York.

Hapo lipo jambo lisilodhaniwa na wengi. Uzi huo ukikunjwa katikati, mkunjo wake utaangukia Moroko, karibu na mji wa Marrakech. Maana yake ni kwamba safari hii iitwayo ya kuvuka bahari, nusu yake nzima ni ya kuvuka Afrika. Abiria aliyelala Nairobi na kuamka saa saba baadaye, akidhani amekwisha kuiona Marekani, bado hajalivuka bara lake mwenyewe. Bahari ya Atlantiki, ambayo watu huiogopa sana, hupewa sehemu iliyobaki tu. Ukubwa wa Afrika ni habari iliyosomwa darasani na kila mtoto, lakini ni wachache walioipima kwa makalio yao katika kiti cha ndege.

Wala rubani hafuati uzi ule kama gari la moshi lifuatavyo reli. Hupinda kwa ajili ya upepo, na pengine kwa ajili ya ugomvi wa walio chini, kama ilivyokuwa Aprili 2023 anga ya Sudan ilipofungwa kwa sababu ya vita, na Agosti ya mwaka huo huo anga ya Niger ilipofungwa kwa muda. Kwa hiyo kilomita 11,840 ni kipimo cha chini. Ndege hupita zaidi ya hapo, si pungufu.

Ndege kubwa ya siku hizi ikiwa angani huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Mwendo huo si rahisi kuuwaza, lakini kila dereva wa Kiserian anaijua njia ya Magadi, kiasi cha kilomita 80, ambayo kwa lori lililobeba mzigo humaliza sehemu kubwa ya asubuhi. Ndege ile ingeimaliza kwa dakika tano au sita. Hata hivyo, kwa mwendo huo wa ajabu, yahitaji saa 15 kufika New York.

Saa 15 ni chache au nyingi kwa kadiri ya ile inayolinganishwa nayo. Tarehe 23 Machi 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani majuma machache tu kabla, alipanda meli New York. Alishuka Naples katika Italia, akaingia meli nyingine, akapita mfereji wa Suez, akafika Mombasa tarehe 21 Aprili. Hizo ni siku 29 za bahari. Kisha gari la moshi likampeleka mpaka stesheni ya Kapiti, katika mbuga zilizo jirani na nchi ya Kitengela, akaanza kuwinda. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye fedha na heshima, wala hapakuwa na njia ya upesi zaidi ambayo fedha zake zingeweza kununua.

Miaka 50 baadaye, Septemba 1959, wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, waliondoka Nairobi kwa ndege iliyokodiwa, wakaenda kusoma Marekani. Safari hiyo ilitengenezwa na Tom Mboya pamoja na rafiki zake Wamarekani, na miongoni mwa waliosaidia kuomba michango walikuwamo mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji Jackie Robinson. Mwaka 1960 kikaenda kikundi kikubwa zaidi. Katika hicho alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda chuo kimoja cha Atchison, Kansas, na ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Ndege za siku zile hazikuweza kubeba mafuta ya njia nzima. Zilitua hapa na pale kunyweshwa, mfano wa ng'ombe wa mnada wanaotoka mbali, na abiria walifika wakiwa wamechoka sana.

Tena ikapita miaka mingi ambayo mtu wa Nairobi aendaye New York alibadili ndege njiani, London au Amsterdam, na baadaye Addis Ababa au Dubai, na safari ikala siku nzima au zaidi. Kabla ya ndege ya Kenya kuruhusiwa kwenda moja kwa moja, ilibidi serikali ya Marekani iridhike na ukaguzi wa usalama wa usafiri wa anga wa Kenya. Ruhusa ya daraja la kwanza ilitolewa Februari 2017. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 iliondoka Nairobi bila kutua popote mpaka New York. Ndani yake hukaa marubani wanne, maana si halali wala si busara rubani mmoja kushika usukani saa hizo zote. Wawili huendesha na wawili hulala, kisha hupokezana.

Katika ratiba iliyotangazwa wakati ule, kwenda kulihesabiwa saa 15 na kurudi kiasi cha saa 14 na nusu. Watu wengi wameuliza, je, njia ya kurudi ni fupi? Si fupi hata kidogo. Sababu ni upepo. Mtu wa Kiserian anaujua upepo, kwa kuwa juu ya vilima vya Ngong huviona vile vinu vyeupe vinavyozungushwa nao kutengeneza umeme. Watu wa pwani wanaujua zaidi, maana kwa karne nyingi majahazi yalingoja kaskazi yaje Lamu na Mombasa, yakangoja kusi yarudi Arabuni na Bara Hindi. Ndege nayo, kwa chuma chake chote na injini zake, haijatoka kabisa katika sheria hiyo ya majahazi. Juu sana, katika nchi za kaskazini, upo upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo New York hukutana nao uso kwa uso. Irudipo nyumbani husukumwa nao mgongoni.

Lipo na jambo la pili, la Nairobi yenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na ya mchana wa jua ni nyepesi zaidi, hivyo mabawa hupata kitu kidogo cha kuegemea na injini hupungua nguvu. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ni nzito mno, nayo yahitaji kukimbia mbali kabla ya kuinuka. Njia ya kurukia pale Nairobi ina zaidi ya kilomita nne, na bado pengine mizigo hupunguzwa. Ndiyo maana yafaa kuondoka usiku, wakati wa baridi. Uwanja wa New York uko kando ya bahari, karibu sawasawa na maji, kwa hiyo ndege yaweza kuondoka huko saa sita za mchana bila taabu hiyo.

Sasa ije habari ya saa, nayo ndiyo iliyowachanganya wengi. Ratiba ile ilisema ndege itaondoka Nairobi saa tano na dakika 25 za usiku, na kufika New York saa kumi na mbili na dakika 25 za asubuhi. Mtu ahesabuye kwa vidole atapata saa saba tu, aseme vijana wamemdanganya. Lakini saa za New York ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa nane wakati wa baridi yao, na kwa saa saba wakati wa joto. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, wapate mwanga wa jioni. Kenya haina haja ya mchezo huo, kwa sababu iko katika Ikweta na jua lake huchomoza na kuchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kwa hiyo saa saba zilizoonekana ziongezewe nane, ndipo zipatikane zile 15.

Tazama basi jinsi msafiri anavyolikimbia jua. Mwezi wa Desemba jua huchwa Nairobi kiasi cha saa kumi na mbili na nusu za jioni. Msafiri hupanda ndege gizani, ndege huelekea magharibi, na asubuhi inayotoka mashariki humfuata nyuma bila kumpata. Uganda ni giza, Sahara ni giza, Moroko ni giza, bahari nayo ni giza. Atakapotua New York, jua la huko bado halijachomoza. Litatoka baada ya saa moja ya asubuhi, ambayo Kiserian ni saa tisa za alasiri. Tangu jua la Nairobi lilipochwa zimepita saa zaidi ya 20, na zote zilikuwa usiku mmoja. Nyumbani ng'ombe wamekwenda malishoni wamenyweshwa maji, na yule aliyesafiri bado hajaona alfajiri.

Jambo hili lina faida kwa mzazi apigaye simu. Saa mbili za usiku, chakula kikiwa mezani Kiserian, New York ni saa sita za mchana, na mtoto yuko kazini. Saa moja ya asubuhi ya Kiserian ni saa tano za usiku huko, naye amelala au yumo katika zamu. Wazazi wengi wameudhika bure kwamba mtoto hapokei simu, kumbe ni saa tu zilizopishana.

Na msafiri mwenyewe, atokaye mlangoni kwake? Ndege ikiondoka saa tano na dakika 25, hutakiwa awe uwanjani saa tatu kabla yake. Kutoka Kiserian mpaka uwanjani si mbali kwa ramani, lakini kuna Rongai, kuna Langata, kuna Barabara ya Mombasa, na mvua ikinyesha hakuna awezaye kuapa. Wengine hupitia Isinya na Kitengela ili waiepuke Rongai, wakakutana na malori ya Athi River. Mwenye akili huondoka Kiserian saa kumi na moja za jioni, pamoja na jamaa zake wote wanaokuja kumsindikiza, na masanduku yenye unga, majani ya chai na vitu vingine ambavyo watu wa forodha wa New York watavitazama kwa makini. Akifika huko husimama katika mstari wa ukaguzi wa paspoti, kisha angoje mizigo. Atakapotoka nje ya mlango wa uwanja kiasi cha saa mbili za asubuhi, zitakuwa zimepita saa 23 tangu alipofunga mlango wa nyumba yake. Ikiwa aendako ni Minneapolis au Dallas, bado ana ndege nyingine ya saa tatu au nne, pamoja na kuingoja.

Hata hesabu hiyo haijatimia, kwa maana safari yenyewe huanza Gigiri, katika ubalozi wa Marekani, penye maombi ya viza. Mama anayetaka kumwona mjukuu aliyezaliwa Baltimore atajaza fomu, atalipa ada, atangoja siku ya kuulizwa maswali, na kungoja huko mara nyingi huhesabiwa kwa miezi, si kwa saa. Baada ya maswali aweza kukataliwa, na ada hairudi. Kilomita ni zile zile kwa watu wote, lakini mtu mwenye paspoti ya Marekani na mama huyu wa Kiserian hawakai katika umbali mmoja.

Tena pana wakati ambapo njia hufungwa kabisa. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka na kwenda nchi za nje, na safari hizo hazikuanza tena mpaka tarehe 1 Agosti. Miezi hiyo New York haikuwa mwendo wa saa 15 wala wa siku 29. Watu walizikwa huku na huko bila watoto wao.

Msiba ndio unaozipima hesabu hizi kuliko kitu chochote. Chukua mfano wa mzee afaye Kiserian Jumanne saa tatu za usiku, mwezi wa Januari, naye ana mtoto Dallas. Huko ni saa sita za mchana, Jumanne ile ile, kwa kuwa Dallas iko nyuma ya Kenya kwa saa tisa. Kama mtoto atapata ruhusa ya kazi na fedha za tikiti alasiri ile ile, akaruka jioni kwenda New York, na kama siku ya pili iko ndege ya moja kwa moja yenye nafasi, ataondoka New York Jumatano saa sita na dakika 25 za mchana, na kutua Nairobi Alhamisi saa nne na dakika 55 za asubuhi. Saa nane za mchana yuko Kiserian, akiwa na siku ya kukaa na mama yake kabla ya maziko ya Jumamosi. Lakini ndege hiyo huenda isipatikane kila siku, na ratiba yake imebadilishwa mara nyingi tangu 2018, hivyo sharti aulize kwanza. Akiikosa, apitie Ulaya jioni ya Jumatano, atafika usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, au Ijumaa mchana. Jamaa waliotangaza maziko kuwa Ijumaa asubuhi, kabla ya kuuliza habari za tikiti, watakuwa wamemfungia mlango wao wenyewe. Kamati za maziko huhesabu hema, viti, masufuria na magari; zingefanya vema kuhesabu na saa hizi pia, tena kwanza.

Na wako wengine ambao hata ndege ikiwapo na fedha zikiwapo hawatapanda. Viza zao zilikwisha muda zamani, na wakitoka Marekani hawataruhusiwa kurudi, nao ndio wanaolipa karo ya wadogo zao na dawa za wazazi. Hao hubaki. Siku ya maziko kijana mmoja wa ukoo huishika simu juu ya kaburi ili waone, na Kiserian ikiwa saa nane za mchana, Dallas ni saa kumi na moja za alfajiri, kabla ya zamu ya asubuhi.